Thabai ya nyuma ya zizi, na ile wiki mama alitoka damu

Kwetu Kinangop, huku milimani Kenya, thabai, ule mmea wa majani yanayochoma, inaota kila mahali, kando ya njia, kwa mtaro, chini ya miti, lakini kuna mahali pamoja tu inaota mpaka inanipita kimo, nayo ni nyuma ya zizi, pale zamani palikuwa na boma la ng'ombe la mzungu. Guka na shosho, yaani babu na nyanya yangu, walipata hiyo plot mwanzoni mwa miaka ya 60 wakati mashamba ya wazungu yalikuwa yanakatwa skimu, vipande vya kugawiwa Waafrika. Walikuta boma limeshabomolewa, limebaki mawe ya msingi tu, lakini thabai ilikuwa imejaa hapo imefuata ukuta wa zamani kona kwa kona, ungedhani kuna mtu aliipanda kwa kamba. Shosho alikuwa akisema thabai haidanganyi, ikinona mahali ujue ng'ombe walilala hapo. Miaka mingi mi nilichukulia ni maneno ya wazee tu, mpaka nilipoanza kulima mwenyewe ndio nikajua alikuwa ananifundisha kusoma udongo, manake huu mmea unafuata naitrojeni na fosforasi, na samadi ikilala mahali miaka na miaka, ile fosforasi haiendi popote, iko tu hapo chini hata boma lenyewe likishasahaulika.

Naandika haya yote juu watu wananipigia simu sana siku hizi. Unga wa thabai umekuwa biashara, unapakiwa kwa mikebe, unaambiwa unatibu sukari, presha, mifupa, tezi dume, damu kidogo, damu chafu, kila kitu. Mi naipenda thabai kuliko hao wanaouza, nimekula tangu sijaota meno, na ndio maana inaniuma ikitumiwa vibaya. Nimeona mazuri yake kwa sahani na kwa shamba, na nimeona siku moja vile ilikaribia kumponza mamangu, na hapo kosa halikuwa la thabai.

Kwanza jina, juu hapa watu wanachanganya. Sisi Wakikuyu ni thabai, majirani zetu Wakalenjin wanaiita siwot, kuna Mnyarwanda tulifanya kazi naye Nairobi akaniambia kwao ni igisura na inapikwa vilevile. Watanzania nimewasikia wakisema washawasha. Lakini wengi wakiandika Kiswahili wanasema upupu, na upupu wenyewe ni kitu kingine, ule ni mmea wa kutambaa wa jamii ya maharagwe, unawasha kwa zile nywele za maganda yake. Ukimwambia mtu wa Pwani uchemshe upupu ule atakuona umerukwa na akili. Hii yetu ya milimani inachoma kwa majani na shina, na wataalamu wanaiita Urtica massaica, dada wa ile ya Ulaya inayoitwa Urtica dioica. Nasema hivyo kwa sababu tafiti nyingi mnazosoma zimefanywa kwa ile ya Ulaya, si hii ya milima yetu ya Aberdare, ni ndugu lakini si mtu mmoja.

Kuchuma nilifundishwa na shosho. Nimepewa jina lake, kwa hivyo aliniita wakini maisha yangu yote. Nilikuwa na miaka kama saba, akaniambia, "Wakini, usiiguse na woga. Ukiigusa na woga itakuchoma." Alikuwa anashika jani kutoka chini, analikunja upande wa juu ukiingia ndani, anabana, anang'oa, mikono mitupu. Mi nikijaribu nalia. Baadaye sana nikaja kusoma kwamba sokwe wa milima ya Virunga wanakula aina ya thabai ya huko kwao kwa ujanja huohuo, wanakunja majani yale makali yakae ndani kabla ya kutia mdomoni, na nilifurahi siku hiyo kama mtu aliyepata barua ya shosho, yeye mwenyewe alikuwa ameshaenda.

Zile nywele ukiziangalia na lenzi ni kama vichupa vya glasi, ncha yake ni silika, ukigusa kidogo tu kichwa kinavunjika na inabaki sindano, na ndani ya sindano kuna histamini na vitu vingine ambavyo ndivyo vinaleta ule moto na vipele. Kwa hiyo ukibana kwa nguvu unazilaza kabla hazijasimama, ukipapasa ndio zinakudunga. Ukidungwa usisugue, hapo ndio unazipeleka ndani. Sisi tunaosha na maji baridi na sabuni, halafu tunabandika selotepu na kuibandua, inatoka na vile visindano. Mara nyingi ndani ya saa chache imeisha. Lakini mtu akianza kuvimba midomo ama kukosa pumzi hiyo si thabai ya kawaida tena, ni hospitali mbio.

Mamangu yeye hakuwahi kuwa na mikono ya shosho. Alikuwa anavaa jwala, ile karatasi ya plastiki, moja kila mkono, anafunga na uzi kwa kifundo. Halafu Agosti 2017 plastiki zikapigwa marufuku na kwetu nyumbani malalamiko ya kwanza yalikuwa thabai itachumwa na nini. Sai tunatumia kipande cha gunia ama soksi nzito za zamani, na mkasi. Vidokezo vya juu tu, majani manne ama sita, kabla mmea haujatoa maua. Hilo la maua ni muhimu sana, ikishatoa maua majani yanajaa vijiwe vidogo vya chokaa ambavyo wanasema vinaweza kusumbua figo na njia ya mkojo, na hata mdomoni unasikia kama mchanga. Ukitaka thabai mwaka mzima unaikata chini, inachipua upya, wiki tatu nne una nyororo tena. Mvua ikikosekana ngoja.

Kupika hakuna siri. Unaosha kwa maji mengi ukikoroga na mwiko, unatumbukiza kwa maji yanayochemka, dakika mbili tatu imenyamaza, haichomi tena kabisa. Sisi tunaisaga ama kuiponda inaingia kwa mukimo, viazi na mahindi na minji, inatoa ule ukijani mkolevu ambao majani ya malenge hayawezi kutoa. Yale maji ya kuchemshia hatumwagi, tunatia chumvi na tunakunywa, ama yanapikiwa uji. Ukikausha kivulini na kuisaga nayo inaacha kuchoma, na hapo ndipo unga unatoka. Usikaushe juani, inapoteza rangi na harufu, inakuwa kama nyasi za mwaka jana.

Nilipokuwa mdogo tuliona aibu kula thabai. Ilikuwa chakula cha watu wasio na sukuma. Shosho hakuelewa hiyo aibu. Yeye alikuwa msichana Murang'a wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni wakipigana na Mau Mau, walipofungiwa vijijini kuanzia 1954, mtaro umezunguka kijiji, unaruhusiwa masaa machache tu kutoka kwenda shambani, na ukirudi umechelewa ni kiboko. Alisema thabai iliwafuata, inaota palepale kando ya mtaro na kando ya vyoo, hukuhitaji ruhusa kuifikia. Waliipika na chumvi ikipatikana. Hakupenda kuongea sana juu ya hiyo miaka, lakini kila alipokuwa anakunja majani ungeona ameenda mbali kidogo, na hakuna siku alikubali tuitupe iliyobaki kwa sufuria.

Mimi nilirudi nyumbani 2020, hoteli niliyokuwa nafanyia kazi ilifunga kwa sababu ya korona na nyumba Nairobi sikuweza kulipa. Nikaanza na kibustani cha sukuma, kabichi, vitunguu na viazi. Halafu 2022 mfuko wa mbolea wa kilo 50 ukapita shilingi 6,000, na hapo ndio nikaiangalia ile thabai ya nyuma ya zizi kwa macho mengine. Kama imekula samadi ya mzungu miaka yote hiyo na imenona vile, mbona nisiihamishe iende kwa sukuma?

Njia niliyoizoea ni hii. Kilo moja ya thabai mbichi kwa lita kumi za maji, maji ya mvua kama unayo. Naikatakata na panga juu ya gunia, natia kwa pipa la plastiki, usitumie la chuma linashika kutu. Kifuniko kinawekwa bila kubana manake inatoa hewa. Kila siku nakoroga na fimbo. Itatoa povu, na itanuka, na nikisema itanuka namaanisha majirani watauliza kama kuna kitu kimekufa, kwa hiyo pipa liwe mbali na nyumba na upande ambao upepo hauji. Povu likikoma imekomaa. Kwa wenye joto wiki moja inatosha, huku kwetu kwa baridi ni wiki mbili na zaidi. Nachuja na kitambaa, mabaki yanaenda kwa lundo la mboji na yanaipasha moto haraka sana, na ile chai nyeusi nachanganya kikombe kimoja kwa vikombe kumi vya maji, namwagia shinani.

Mara ya kwanza sikuchanganya. Nilidhani ikiwa kali ndio nguvu. Nilimwaga moja kwa moja kwa miche ya kabichi, kitanda kizima, jioni nikiwa na furaha, na siku ya pili kingo za majani zilikuwa za kahawia kama zimepitiwa na mbaa, ile baridi ya kuunguza. Karibu miche mia mbili ikaenda. Tangu hapo napima, na nampimia jirani akija kuchota.

Vile imefanya kwa sukuma, nasema nilivyoona kwa macho, majani yaliyokuwa na umanjano yalirudi kijani ndani ya siku kumi hivi, na ukuaji ukaongezeka. Ni naitrojeni hiyo, pamoja na potasiamu. Kwa hiyo ni ya mimea ya majani. Minji na maharagwe hayaihitaji, yanajitengenezea yenyewe kwa mizizi. Viazi ukizidisha utapata majani mazuri ya kupiga picha na chini viazi vya ukubwa wa gololi, hiyo pia nilijaribu. Na haichukui nafasi ya samadi na mbolea ya kupandia, fosforasi yake ni kidogo, mtu asikudanganye ati uache kila kitu utumie chai ya thabai peke yake.

Juu ya wadudu sina habari nzuri sana. Wanasema loweka masaa 24 upulizie vidukari, wale wadudu wa kijivu wanaojaa chini ya jani la sukuma. Nimepulizia mara nyingi. Wanapungua kidogo wanarudi. Maji ya sabuni yananifanyia vizuri kuliko hiyo. Ila kitu kimoja nimeona, thabai zenyewe zinakaa na wadudu wengi, mende wa madoadoa wanaokula vidukari wanaanzia hapo, na viwavi wa vipepeo wamejikunja kwa majani, kwa hiyo sijaifyeka yote, kona moja nimeiacha iwe yao. Kuku nao nawakatia iliyonyauka nachanganya na chakula, kiini cha yai kinakuwa cha rangi. Ng'ombe hali mbichi lakini ikilala jua la siku moja ikanyauka anamaliza.

Sasa tuje kwa dawa, na hapa naomba usome polepole.

Shosho alikuwa na magoti mabaya. Asubuhi za Julai, Kinangop ikiwa na umande wa barafu, angechukua shada la thabai ajipige nalo magotini mpaka yawe mekundu, halafu akae kimya kama dakika kumi, halafu asimame. Sisi watoto tulikuwa tunakimbia tusione. Alisema maumivu mapya yanafukuza ya zamani. Nilikuja kujua kwamba huko Uingereza walijaribu jambo hilohilo, utafiti ulitoka 2000, watu 27 wenye maumivu ya kiungo cha chini ya dole gumba ama kidole cha shahada, wakijidunga na jani la thabai halisi na wiki nyingine jani linalofanana ambalo halichomi, na lile la kuchoma lilipunguza maumivu zaidi. Watu 27 si wengi, na si goti, lakini nimeacha kumfikiria shosho kama mtu aliyekuwa anajitesa bure.

Dadangu alipojifungua damu yake ilikuwa chini, na nyumbani kukawa na njahi, uji, supu ya mbuzi na thabai, thabai, thabai. Vizuri, ina madini ya chuma kweli, na vitamini A na kalsiamu. Lakini chuma ya mboga mwili unaichukua kidogo tu, na sisi juu yake tunashushia na chai ya maziwa ambayo inazidi kuizuia. Nesi ndiye alimwambia aendelee na mboga lakini vile vidonge vya chuma asiache, na chai angoje saa moja baada ya kula, na akamulie ndimu kwa mboga. Damu ilipanda. Kila mtu nyumbani alisema ni thabai. Mi nilikuwa nahesabu vidonge, najua.

Mjomba mmoja alikuwa anaamka usiku mara tano kukojoa, akanywa unga wa majani mwaka mzima akiambiwa ni wa tezi dume. Kilichofanyiwa utafiti kwa tezi dume huko Ujerumani ni mzizi, si jani, na hata huo mzizi unasaidia kukojoa vizuri, haupunguzi tezi wala hautibu kansa. Mwaka ulikuwa mrefu sana kwake. Wanaume, nendeni mkapimwe kwanza, tafadhali.

Na mamangu. Mwaka 2021 mguu wake wa kushoto ulivimba, ukawa wa moto, tukakimbia, ikapatikana damu imeganda kwa mshipa wa ndani. Akawekwa kwa warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande. Ukiwa kwa hiyo dawa unapimwa kipimo kinaitwa INR, na yeye alitakiwa awe kati ya 2 na 3. Chini ya hapo damu inaweza kuganda tena, juu sana unaweza kutoka damu. Miezi ya kwanza ilikuwa sawa. Halafu ikaanza kushuka. 1.6. Dozi ikaongezwa. 1.4. Dozi ikaongezwa tena. Daktari anauliza, "Mama, unameza kila siku?" Mama anasema ndio, na ni kweli, mi mwenyewe nilikuwa namuona. Nesi akauliza anakula nini, mama akasema, "Chakula cha kawaida tu, mwanangu." Na kwake ilikuwa kweli, thabai si dawa na si kitu kipya, ni chakula cha kawaida.

Nilikuja kupata mkebe chini ya kitanda nikifagia. Unga wa kijani, nusu umeisha. Mwenzake wa kanisa alikuwa amemletea, akamwambia unasafisha damu, na mtu aliyeambiwa damu yake imeganda akisikia kitu kinasafisha damu utamlaumu kweli? Vijiko viwili vikubwa kwa uji asubuhi, viwili jioni, na mukimo wa thabai juu yake. Karibu miezi miwili.

Nikasoma ile karatasi ya ndani ya paketi ya dawa, imeandikwa uangalifu na mboga za majani kwa sababu ya vitamini K. Nikaelewa nusu. Ini linatumia vitamini K kutengeneza vitu vya kugandisha damu, na warfarini inafanya kazi kwa kuizuia hiyo vitamini K isitumike. Sasa mama alikuwa anaijaza upande mmoja huku dawa inazuia upande mwingine, na daktari bila kujua anaongeza dawa ili ishinde. Na unga ni mbaya zaidi kuliko chai ya kuchuja, manake vitamini K inayeyuka kwa mafuta si kwa maji, kwa chai nyingi inabaki kwa jani unalotupa, lakini kwa unga unameza jani lote.

Nusu nyingine sikuelewa, na hiyo nusu ndiyo iliyotuumiza. Nilichukua mkebe nikatupa, nikapiga marufuku thabai, nikapiga marufuku sukuma, nikampikia viazi na kabichi kidogo na nyama, nikajiona nimeokoa mama yangu. Sikupigia kliniki. Miadi ilikuwa bado wiki tatu na nikasema nitawaeleza siku hiyo. Siku ya nane asubuhi akanionyesha maji ya kusukutua mdomo, mekundu. Ufizi. Akasema ni mswaki mpya. Jioni nikamuona mkono, mahali aligonga na ndoo ya maziwa pamekuwa na alama nyeusi kubwa kama kiganja. Hatukulala. Kulipokucha tulikuwa hospitali, INR ilikuwa 5.8.

Yaani dozi ilikuwa imepandishwa kupigana na thabai, halafu mimi nikaondoa thabai na nikaacha dozi palepale juu. Dawa ikabaki peke yake haina wa kushindana naye. Walisimamisha warfarini siku kadhaa, na wakampa kidonge, na nilipouliza ni cha nini daktari akaniambia ni vitamini K. Nilikaa kwa ile benchi nikalia, hicho kidonge na ule mkebe niliotupa vilikuwa vinabeba kitu kimoja.

Yule daktari alikuwa mvumilivu. Alituketisha wote wawili akasema, "Mama, thabai kula. Lakini kiasi kile kile kila wiki, na mimi nitapanga dawa kufuata sahani yako. Ukitaka kuongeza, niambie. Ukitaka kuacha, niambie." Sikuwahi kufikiria kwamba inaweza kuwa hivyo, kwamba dawa inaweza kupangwa kufuata chakula cha mtu. Mama alifurahi kupita kiasi, alikuwa ameshaomboleza mukimo wake.

Kwa hiyo kama mzazi wako yuko kwa warfarini usimpe unga, na kama tayari anaupata usimnyang'anye ghafla kama mimi, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Zipo dawa nyingine mpya za kuzuia damu kuganda ambazo hazihusiani na vitamini K, muulize daktari ni ipi anatumia, usikisie. Mwenye ugonjwa wa figo naye awe makini, potasiamu iko nyingi. Mwenye dawa za sukari ama presha aende na ule mkebe mkononi auonyeshe, kwa sababu thabai inaweza kusukuma vipimo vyote viwili chini kidogo juu ya dawa anayotumia. Na muuguzi akikuuliza unakula nini, taja thabai kwa jina. Wengi wao shosho zao walipika, watajua.

Sasa kwetu ni Jumanne na Jumamosi. Bakuli moja la mukimo wa thabai, nimepima kwa kikombe cha enamel kile cha bluu, kikombe kimoja cha majani yaliyochemshwa, na naandika kwa daftari linalokaa na kadi ya kliniki, tarehe, kiasi, na vidonge alivyomeza. Kipimo cha mwisho kilikuwa 2.4. Mama anachuma mwenyewe siku hizi, ana soksi za guka mikononi, anaanzia kona ile ya boma, na akirudi ananiambia nyingine imechomoza nje ya ukuta wa mawe, upande ambao nilimwaga maji ya pipa mwaka jana.